Mrefu mmoja au wawili? Ubishi usiokwisha wa mashabiki wa Richmond

Ukitaka kuwatibua mashabiki wa Richmond, klabu ya mpira wa Australia ya hapa Melbourne, huna haja ya kuitukana timu yao. Uliza swali moja tu: mbele asimame mshambuliaji mrefu mmoja au wawili? Uliza ukiwa ndani ya treni inayotoka stesheni ya Richmond baada ya mechi, behewa limejaa skafu za njano na nyeusi, halafu nyamaza. Utashuka kituo chako wenzako wakiwa bado kwenye kipengele cha kwanza.

Sisi tuliokulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga tunaujua ugonjwa huu. Kila shabiki ana kikosi chake mfukoni, na kocha siku zote ndiye mtu pekee asiyeona kinachoonekana na kila mtu. Ila huku Melbourne ubishi una utamu wa ziada, kwa sababu mpira wa Australia wenyewe hauheshimu namba za wachezaji. Namba tisa wa kwetu anajulikana anakaa wapi. Huku mtu anaandikwa mshambuliaji kwenye karatasi, na dakika mbili baadaye unamkuta mbele ya goli lake mwenyewe akipigania mpira na mabeki wenzake, na wala hajakosea.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuangalia mchezo huu, mambo ya lazima ni machache. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Uwanja ni wa umbo la yai, na ule wa MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, una urefu wa karibu mita 160. Hakuna kuotea, hakuna golikipa. Goli lina nguzo 4: ukipitisha mpira kwa mguu katikati ya zile mbili ndefu unapata pointi 6, ukipita kati ya ndefu na fupi unapata pointi 1. Pasi ya mkono hupigwa kwa ngumi, maana kurusha ni kosa. Halafu kuna maki: ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi bila kuguswa na mtu njiani, unapewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Robo ni 4, na mpira wenyewe, kwa kuwa una umbo la yai, ukigusa chini unadunda kama kuku aliyeponyoka sokoni.

Maki ndiyo iliyomfanya mrefu wa mbele kuwa mfalme. Kama kuna jitu linaloruka juu ya mabega ya watu na kudaka mpira mita 30 kutoka golini, kwa nini ujisumbue na kitu kingine? Vizazi na vizazi vya mashabiki vimelelewa kwenye imani hiyo, na timu iliyojiheshimu ilikuwa na warefu wawili, wakati mwingine watatu. Ndiyo maana kilichotokea Richmond mwaka 2017 kiliwakera watu wengi kabla hakijawafurahisha.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Richmond ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 1980. Mwaka 2013, 2014 na 2015 iliingia hatua ya mtoano na kutolewa kwenye mechi ya kwanza kila mara. Mwaka 2016 ikamaliza nafasi ya 13 kati ya timu 18, na likajitokeza kundi lililotaka kuiondoa bodi. Rais wa klabu, Peggy O'Neal, hakutikisika, na kocha Damien Hardwick akabaki, ingawa benchi la wasaidizi wake lilifumuliwa. Wakaja Dion Prestia, Josh Caddy na Toby Nankervis. Lakini mbele, badala ya kuongezeka, warefu wakapungua: Ty Vickery alihamia Hawthorn, na Ben Griffiths akaandamwa na majeraha ya kichwa mpaka akaachana na mchezo na kwenda Marekani kupiga mpira wa kwao. Akabaki Jack Riewoldt peke yake.

Kumzunguka wakawekwa wafupi wenye mbio: Daniel Rioli, Dan Butler, Jason Castagna. Majina ambayo nje ya klabu hayakumtisha mtu.

Nakumbuka kelele za Mei ya mwaka ule. Richmond ilifungwa mechi tatu mfululizo: na Western Bulldogs kwa pointi 5, na Fremantle kwa 2, na GWS (Greater Western Sydney) kwa 3. Zote chini ya goli moja. Kwa wapenzi wa warefu wawili huo ulikuwa ushahidi uliotiwa saini. Nani angedaka ule mpira wa mwisho? Riewoldt amezungukwa na watu watatu, atadaka vipi? Julai wakapigwa na St Kilda kwa pointi 67, na hapo hata watu wapole wakaanza kuongea kama mahakimu. Mzee mmoja wa Kigiriki ambaye hukaa safu ya mbele yetu uwanjani, shabiki aliyeuona ubingwa wa 1980 kwa macho yake, alikuwa akigeuka nyuma kila robo inapoisha na kutuuliza kana kwamba sisi ndio tunaopanga kikosi: mnamrushia nani mpira?

Swali lake lilikuwa na maana, ila lilikuwa linaangalia juu. Ubishi wote wa mwaka ule ulikuwa unaangalia juu, kwenye mikono ya Riewoldt, na majibu yalikuwa chini kwenye nyasi. Hili ndilo ninalolisema mpaka leo, na ndilo linalonigombanisha na watu kwenye treni.

Angalia kazi aliyopewa Riewoldt. Huyu alikuwa amekwisha kuwa mfungaji bora wa ligi mara mbili, 2010 na 2012, na katika miaka yake ya mwanzo hakuficha hasira asipopigiwa mpira. Mwaka 2017 hakutakiwa kudaka kila kitu. Alitakiwa kufika pale mpira unaposhuka, kuruka na lile kundi la mabeki, na kuhakikisha kwamba kama yeye hakudaka basi hadaki mtu. Mpira ukianguka, mambo yanabadilika ghafla. Mabeki watatu warefu waliorukia juu wako hewani au wamelala. Wafupi watatu wa Richmond wako chini, wanakuja kwa kasi, wanajua mahali utakapoangukia. Wasipofunga, wanamwandama beki aliyeuokota. Beki anayekimbizwa na Butler huku Castagna anamkata njia hana muda wa kuchagua pasi. Anaubutua popote. Na huko popote walikuwa wanausubiri mabeki wa Richmond, Alex Rance, Nick Vlastuin na David Astbury, wanadaka, wanaurudisha mbele, mchezo unaanza upya palepale.

Wapenzi wa soka wataona ni kukabia juu tu, na hawajakosea sana. Tofauti ni kwamba kwenye soka ukipokonya mpira juu una watu watatu wanne wa kuwapasia. Kwenye uwanja wenye watu 36 bila sheria ya kuotea, ukiupokonya mpira mita 40 kutoka goli lao, mara nyingi nyuma ya beki aliyekosea hakuna mtu. Ndiyo maana Richmond ya miaka ile iliweza kuzidiwa kwenye mipira ya kudundwa katikati, ile mwamuzi aliyoidunda kuanzisha mchezo, ikazidiwa hata idadi ya kugusa mpira, na bado ikaongoza kwa pointi. Hawakuuhitaji sana mpira. Walitaka uwe upande wa pili, mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Shabiki wa takwimu hapendi habari hii. Yeye anahesabu mara ngapi mchezaji amegusa mpira. Castagna angeweza kumaliza mechi akiwa ameugusa mara chache kuliko beki yeyote, kisha kesho yake watu wakataka aachwe, wakati hizo mbio zake ambazo hazikuandikwa ndizo zilizomlazimisha beki wa pembeni kupiga nje mara nne.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Jacob Townsend. Alitoka GWS akiwa kiungo, na sehemu kubwa ya mwaka 2017 alikuwa timu ya pili, ambako alishinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya VFL, J.J. Liston Trophy. Akaitwa kikosi cha kwanza zikiwa zimebaki mechi mbili kabla ya mtoano, na akawekwa mbele. Mechi ya kwanza, magoli 6. Ya pili, magoli 5. Basi kwenye majukwaa ikawa sherehe: si tulisema? Tulihitaji mfungaji! Ila Townsend hakupelekwa pale kama mfungaji. Alipelekwa kama mkabaji aliyesimama mbele, kazi yake kumganda beki anayeanzisha mashambulizi ya wapinzani, asipate nafasi ya kukimbia na mpira. Magoli yalikuja kwa sababu beki aliyezoea kuondoka golini kwenda kuanzisha mpira sasa alikuwa amebanwa kule kule golini, na mpira ukianguka Townsend yupo.

Fainali kuu ikachezwa tarehe 30 Septemba 2017, MCG, mbele ya watu 100,021. Adelaide walikuwa wamemaliza ligi wakiongoza msimamo, tena wakiwa timu iliyofunga pointi nyingi kuliko zote. Mbele walikuwa na Taylor Walker na Josh Jenkins, warefu kamili, na Eddie Betts akizunguka chini yao. Kama kuna siku ya kuamua ubishi, ilikuwa ile. Hardwick alimkabidhi Jack Graham, kijana aliyekuwa anacheza mechi yake ya 5 tu katika ligi, kazi ya kumganda Rory Sloane, injini ya Adelaide. Graham alimganda, na juu yake akafunga magoli 3. Matokeo: 108 kwa 60. Riewoldt peke yake mbele, na miaka 37 ya kusubiri ikaisha.

Ungedhani na ubishi ungeisha.

Haukuisha, kwa sababu palikuwa na Dustin Martin, na mtu akitaka kukataa hoja yoyote kuhusu mbinu za Richmond anataja jina hilo tu. Mwaka ule Martin alishinda medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa msimu kwa kura 36, akashinda medali ya Norm Smith ya mchezaji bora wa fainali kuu, na akachukua ubingwa, vyote kwa pamoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Mzee wetu wa Kigiriki alikuwa na sera moja kuhusu Martin: awe katikati kila mpira unapodundwa, kuanzia dakika ya kwanza mpaka king'ora. Kila akimwona amesogea mbele ya goli alishika kichwa. Mali inaozea ghalani!

Hapa ndipo ninapokuwa mkaidi. Wakati ule ligi iliruhusu kubadilisha wachezaji mara 90 kwa mechi, na tangu 2021 ikapunguza mpaka 75. Viungo wanakimbia kilomita nyingi na hawawezi kupumzikia benchi kila wakitaka, kwa hiyo wanapumzikia mbele. Kwa kiungo wa kawaida hayo ni mapumziko kweli, anajificha pembeni mpaka pumzi irudi. Kwa Martin yalikuwa kitu kingine. Alisimama peke yake mbele ya goli na beki mmoja, na nyuma yao nafasi tupu. Beki anajua jamaa ana mkono wa kumsukuma mtu kifuani na kumwacha chali. Kocha wa wapinzani analazimika kumpelekea beki wake bora, na beki bora akishaenda kwa Martin, Riewoldt anabaki na yule wa pili. Hivyo zile dakika ambazo mzee alizihesabu kama hasara zilikuwa zinafanya kazi hata Martin asipogusa mpira. Na alipougusa, mnajua: magoli 4 kwenye fainali kuu ya 2019, magoli 4 tena kwenye ile ya 2020, na medali ya Norm Smith mara zote mbili, ya pili na ya tatu. Hakuna mchezaji mwingine mwenye tatu.

Lakini katikati ya makombe hayo kuna 2018, na wapenzi wa warefu hawataki uisahau. Richmond iliongoza ligi, Riewoldt akawa mfungaji bora kwa mara ya tatu, kila mtu akajua kombe linarudi Punt Road, nyumbani kwa klabu. Nusu fainali wakakutana na Collingwood. Upande wa pili alikuwepo Mason Cox, Mmarekani wa Texas, mcheza kikapu wa zamani mwenye sentimita 211. Robo ya pili alidaka kila kilichokwenda angani na kufunga magoli 3. Rance, ambaye alikuwa ametajwa kwenye kikosi bora cha Australia miaka mitano mfululizo, alikuwa anamtazama kutokea chini kama sisi wengine. Richmond ilifungwa kwa pointi 39. Martin hakuwa mzima siku ile na wanaopenda visingizio wanaanzia hapo, ila ukweli ni kwamba Collingwood walikataa kuuacha mpira uanguke. Ukiwa na mtu anayedaka kila kitu, wale wafupi wote wa chini hawana cha kuokota.

Mwisho wa mwaka akasajiliwa Tom Lynch kutoka Gold Coast. Msichanganye na Tom Lynch mwingine, yule wa Adelaide aliyefungwa fainali ya 2017. Hata wenyeji huwachanganya. Sasa Richmond ikawa na warefu wawili, na katika mechi ya kwanza kabisa ya 2019 Rance akaumia goti na hakucheza tena. Watu wakaandika maziko ya safu ya ulinzi. Badala yake Dylan Grimes akawa beki wa kikosi bora cha Australia, Bachar Houli akaendelea kuutoa mpira nyuma kwa guu lake la kushoto, na fainali kuu ikaisha 114 kwa 25 dhidi ya GWS. Siku hiyo Marlion Pickett alicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya ligi, kwenye fainali kuu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu 1952. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya korona, fainali ikahamia uwanja wa Gabba, Brisbane, na Geelong wakafungwa kwa pointi 31.

Rafiki yangu wa Bujumbura, ambaye tunakaa pamoja uwanjani na ambaye ni wa madhehebu ya warefu wawili, ana hesabu yake na haibadilishi: mrefu mmoja, kombe moja, warefu wawili, makombe mawili. «Ndugu yangu, hapo unataka nikueleze nini tena?» Mimi humjibu kwamba warefu ni wale wale wawili walioipeleka timu nafasi ya 12 mwaka 2021. Yeye husema 2021 ni ya sheria mpya, ile inayomlazimisha mchezaji aliyesimama mbele ya mpigaji asisogee hata hatua moja. Hapo ana hoja. Sheria ile ilimpa mpigaji uhuru wa kuchagua upande, na timu iliyoishi kwa kumharakisha mpigaji ikapokonywa nusu ya silaha yake.

Ila akinibana sana nakubali jambo hili tu: Lynch alifaa kwa sababu hakuja kuwa mfalme. Alichukua beki mzito wa wapinzani, akaruka, akaanguka, akasimama, akamkimbiza beki. Ilikuwa kazi ile ile ya Riewoldt ya 2017, sasa ikifanywa na watu wawili, na chini yao bado waliachwa wafupi. Ungewaweka warefu wawili wanaosubiri kulishwa, nadhani lile kombe la 2020 lingekuwa Geelong.

Nikitaka kumkasirisha kabisa ninamtaja Daniel Rioli. Huyu ametoka kwenye ukoo mkubwa wa mchezo huu katika visiwa vya Tiwi. Maurice Rioli alishinda Norm Smith akiwa Richmond mwaka 1982 ingawa timu ilifungwa siku hiyo. Daniel alichukua makombe yote matatu akiwa mfupi wa mbele, halafu 2021 akahamishiwa nyuma. Nilisikia watu wakiapa kwamba klabu imepotea njia. Kumbe mbio za kumfukuzia beki na mbio za beki anayekimbia na mpira ni zile zile, zimegeuzwa uso tu. Akawa beki mzuri kiasi kwamba Hardwick, alipokwisha kuhamia Gold Coast, alimfuata huko mwisho wa 2024. Kwa Noah Balta hali ni kinyume: amechezeshwa beki, mshambuliaji, hata raki, yule anayeruka kuugombania mpira mwamuzi anapoanzisha mchezo, na kila kambi ina mechi moja ya kuthibitisha kwamba mahali pake ni pale inapopataka.

Sasa timu iko chini. Mwaka 2024, wa kwanza wa kocha Adem Yze, ilishinda mechi 2 na kushika mkia. Martin alistaafu akiwa na mechi 302. Shai Bolton, Liam Baker, Graham na Rioli wakaondoka. Klabu ikageukia vijana, na katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka ule ikamchukua Sam Lalor, chaguo namba 1, kiungo mwenye mwili wa kutosha kumfanya kila mtu ataje jina la Martin kabla kijana hajavaa hata jezi.

Na ubishi ukarudi mbichi. Mzee wa Kigiriki anamtaka katikati, bila shaka. Mimi nataka aanzie mbele, pembeni ya goli, ajifunze kumkaba beki kabla ya kujifunza kupendwa na waandishi, kisha asogezwe katikati taratibu kadiri miguu inavyokomaa. Rafiki yangu wa Bujumbura ameniandikia juzi kwamba yote hayo ni sawa, mradi warefu wawe wawili, ikiwezekana watatu. Nikamuuliza, mpira ukianguka, nani atabaki chini kuuokota? Alinijibu kwa majina matatu, na yote ni ya warefu.